Haki ya Asiyeomba

 

Katika darasa yetu ya baina ya magharibi na isha, hapa Voi, lilizuka swali ambalo tulidhani tutalimaliza kwa kikao kimoja. Likatuchukua vikao sita, na hata sasa hatusemi kwamba limekwisha. Tumeona ni wajibu kuliandika, kwani ndugu zetu walioko Mwatate, Wundanyi na Taveta wameanza kulisikia kwa vipande vipande, na khabari inayotembea kwa vipande hufika imevunjika.

Lilitokana na jambo dogo. Mmoja katika wanafunzi wetu, ambaye kazi yake humpitisha upande wa chini ya mlima wa Sagalla, alituletea khabari za mama mmoja mjane, Mtaita, Mkristo, mwenye shamba la ekari mbili. Mama huyo alikuwa na mahindi yaliyokwisha kukomaa, na pojo iliyosaliwa na wiki moja ivunwe. Usiku mmoja ndovu wakaingia. Kulipokucha hapakuwa na mahindi, hapakuwa na pojo, na tangi la maji lilikuwa limepinduliwa. Mwanafunzi wetu akauliza: "Sheikh, tuna fedha katika mfuko wa msikiti. Je, huyu ana haki nazo?" Kabla sisi hatujajibu, ndugu mwengine akajibu kwa niaba yetu: "Huyo si wetu. Tena hakuja kuomba."

Twataka wasomaji wayatazame maneno hayo mawili mbalimbali, kwani kila moja lina mas-ala yake. La kwanza ni kuwa nani aliye wetu. La pili ni kama haki ya mtu husimama juu ya kuomba kwake. Watu wengi wakilisikia jambo hili hulivamia lile la kwanza, wakabishana mpaka taa ikazimwa. Sisi twaona la pili ndilo lenye mizizi mirefu, na kwa hilo tutaanza.

Mwenyezi Mungu (s.w.) katika Suratudh Dhariyat, na tena katika Suratul Maarij, amewasifu wachamngu kwamba katika mali zao mna haki ya watu wawili: mwenye kuomba, na mahrum. Hapo pana neno haki. Halikutumiwa neno la hisani wala la huruma. Mwenye haki katika mali yako ni mshirika wako katika mali hiyo, na kumpa chake si ukarimu, kama vile kulipa deni kusivyokuwa ukarimu. Mwenye kuomba sote twamjua. Twampita mlangoni mwa msikiti kila Ijumaa. Lakini mahrum ni nani?

Neno lenyewe maana yake ni aliyenyimwa, aliyezuiliwa. Wafasiri wamekhitilafiana katika kumweleza. Wengi wamesema ni yule maskini anayejizuia kuomba kwa kuona haya, hata asiyemjua akamdhania kuwa anacho. Imepokewa kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba ni mtu asiye na fungu wala chumo. Ibn Zayd akasema ni yule ambaye matunda yake au mimea yake imepatwa na msiba. Na imepokewa kwa Abu Qilaba kwamba mafuriko yaliingia Yamama yakachukua mali ya mtu mmoja, na mmoja katika masahaba akasema kuwa huyo ndiye mahrum.

Basi tazama. Mtu amelala ana chakula cha miezi shambani, akaamka hana. Hana desturi ya kuomba, hata mlango wa kuombea haujui. Jana yeye ndiye aliyekuwa akiwagawia watoto wa jirani. Maneno hayo ya wafasiri yamekwisha kupita miaka 1,200, nasi hatuwezi kuieleza vizuri zaidi hali ya mkulima wa Sagalla, au wa Kasigau, aliyepitiwa na ndovu. Tena mtu kama huyo ni rahisi kusahauliwa kuliko mwombaji, kwa sababu mwombaji hutukumbusha kwa sauti yake, na huyu hana sauti. Ukingoja aombe ndipo umpe, umekwisha kuifuta ile haki ya pili ukabakisha moja tu.

Lakini msiba wa ndovu si kama mafuriko ya Yamama, na hapa yataka tuseme wazi. Mafuriko hayana mwenyewe. Ndovu wana mwenyewe, nao wana nyumba waliyojengewa kwa sheria. Serikali ya kikoloni ilitangaza mbuga ya Tsavo mwaka 1948, na leo mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zimeshika kadiri ya asilimia 62 ya ardhi yote ya Taita Taveta. Toa tena mashamba makubwa ya mkonge, toa na maranchi, na kilichosalia ndicho wanachogawana watu 340,671 waliohisabiwa mwaka 2019. Ndovu wa eneo la Tsavo wamezidi 12,000, wala hawakufundishwa kusoma ramani. Mgeni kutoka mbali hulipa kiingilio awatazame, na fedha zile huenda kwenye shirika la taifa lenye kusimamia wanyama. Yule aliyewalisha kwa mahindi yake mwenyewe hapati katika kiingilio kile hata nauli ya kwenda kushitaki. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imeweka fidia, shilingi milioni 5 kwa aliyeuawa, milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu, na kwa mazao kiasi kitakachokadiriwa. Ni sheria nzuri. Lakini watu wamejaza fomu, wakangoja miaka, na wengine wamekufa fomu zao zikiwa hai.

Na si ndovu peke yao. Chemchemi za Mzima zimo ndani ya Tsavo Magharibi, katika ardhi ya kaunti hii, na bomba lililotandikwa katika miaka ya 1950 huyachukua maji yake mpaka Mombasa. Hatumwonei kijicho mtu wa Mombasa kwa kunywa maji. Ni ndugu yetu, na kiu haina kabila. Walakin Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, na mshirika hapitiwi na mali ya shirika mbele ya mlango wake naye amebeba dumu lililo tupu kichwani. Vito navyo ni hivyo hivyo. Kito cha kijani kinachoitwa tsavoraiti, kilichopewa jina kwa ajili ya Tsavo hii yetu, huchimbwa na vijana wenye sururu na taa za kichwani. Kikishauzwa kutoka mkono wa kwanza hakirudi tena kuonekana huku, wala bei yake haionekani. Na anayetaka kujua kwamba kunyimwa huku si kwa jana, na aulize yaliyowapata watu wa Kasigau mwaka 1915, Waingereza walipowatuhumu kuwa wamewasaidia Wadachi katika vita, wakawang'oa katika mlima wao na kuwapeleka Malindi. Wengi walikufa huko, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudi.

Mtu ataweza kusema: sheikh ameiacha fiqhi ameingia katika siasa. Sivyo. Tumo ndani ya fiqhi, na msomaji atustahamilie kidogo.

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) kwenda Yaman, alimwamrisha awafahamishe watu kwamba Mwenyezi Mungu amefaradhisha sadaka ichukuliwe kwa matajiri wao na irejezwe kwa mafakiri wao. Kwa hiyo wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii wameshika, katika kauli yenye nguvu, kwamba zaka haihamishwi kutoka katika mji ambamo mali imo maadamu wapo humo wanaostahiki. Na sababu waliyoitaja ndiyo iliyotutia katika mazungumzo haya. Wamesema ni kwa kuwa matumaini ya mafakiri wa mji hunyoshewa mali iliyomo katika mji huo. Macho yao yaiona. Wao ndio waliokaa nayo, waliotembea mbele yake asubuhi na jioni, na kwa kuiona huko moyo umekwisha kufungamana nayo. Kuihamisha mbele ya macho yao ni kuwanyima mara mbili.

Hatusemi kwamba maji ya Mzima au viingilio vya mbuga ni zaka. Asije mtu akatunukulia hivyo. Twasema kwamba sababu hiyo waliyoitaja wanavyuoni ni sababu ya uadilifu, na uadilifu hauishi katika mlango wa zaka peke yake. Mali ina deni kwa mahali ilipochumwa kabla haijawa na deni pengine popote. Mwenye kulikubali hilo katika zaka, na akalikataa katika maji na ndovu na mawe, na atueleze tafauti iko wapi.

Haya, tumeilaumu Nairobi. Sasa na tujilaumu sisi, na hapa ndipo wengine walipokasirika katika darasa.

Tulilifungua daftari la mfuko wetu. Voi ni mji wa njia. Tangu reli ilipopita hapa katika miaka ya 1890, watu wa kila upande wamekuja wakakaa: Waswahili, Waarabu, Wahindi, Wasomali, Wakamba, Wakikuyu, Wajaluo waliokuja na reli na mkonge, wakiwakuta wenyewe Wataita. Waislamu katika hao wamebarikiwa. Wana maduka, wana nyumba za kupangisha, wana malori yendayo Taveta na Holili, wana mahoteli njiani. Mali hiyo imechumwa hapa, kwa wateja ambao wengi wao ni Wataita, na wengi wa Wataita ni Wakristo. Ramadhani ikifika, zaka huhisabiwa, tena kwa uangalifu, Mwenyezi Mungu awakubalie. Kisha hupelekwa Mombasa, hupelekwa Lamu, hupelekwa mji alikozaliwa babu. Kilichoandikwa katika daftari la hapa mwaka uliopita hakikufika hata gharama ya kuezeka upya choo cha madarasa.

Hatukatai kwamba wapo wanavyuoni walioruhusu kuhamisha kwa ajili ya jamaa au kwa dhiki iliyo kubwa zaidi. Rai hiyo ipo na ina wenyewe. Twasema ruhusa ikishakuwa ndiyo desturi, na asili ikawa ndiyo isiyofanywa, basi jambo limegeuzwa juu chini. Aliyekula pojo na mahindi ya Sagalla miaka thelathini, akalipwa kodi ya nyumba na watu wa Sagalla, kisha Sagalla ikipatwa na msiba akasema fungu lake limekwisha kwenda kwao, huyo hana haki ya kusimama nasi kulalamika juu ya bomba la Mzima.

Katika Suratul Qalam Mwenyezi Mungu (s.w.) ameeleza habari za wenye bustani walioapa wataivuna alfajiri na mapema, wakaenda wakinong'onezana kwamba leo asiingie maskini yeyote. Wakaikuta imeteketea. Wengi huisoma kisa hiki wakasimama katika adhabu yake. Sisi twawaomba warejee katika neno walilolisema wenye bustani walipoiona. Kwanza walidhani wamepotea njia. Kisha wakakiri kwamba wao ndio walionyimwa, na neno lililotumika ni lile lile la mahrum. Walitoka asubuhi ili wawafanye wengine kuwa mahrum, wakarudi wao ndio mahrum. Na hawakuwa wameiba chochote, wala hawakumdhulumu mtu kwa mkono. Walichagua saa tu: saa ambayo asiyeomba hawezi kuwapo.

Sasa twende katika neno la kwanza, kwamba huyo mama si wetu. Hapa hatutarefusha, kwani dalili ziko wazi na aliyezikosa amezikosa kwa kutozitaka.

Zaka ya mali, kwa kauli ya madhehebu manne, haipewi asiyekuwa Muislamu, ila katika mlango wa wanaotiwa nguvu nyoyo zao na ikhtilafu iliyomo humo. Hilo tunalikubali, wala hatutaki kulipinda ili tupate sifa ya upole. Lakini sadaka ya khiyari mlango wake ni mpana. Baadhi ya masahaba walichukia kuwapa sadaka jamaa zao waliokuwa washirikina, ndipo ikateremka aya ya Suratul Baqara kuwafahamisha kwamba uwongofu wa watu si juu yao, na kwamba kheri watakayoitoa ni kwa nafsi zao. Bibi Asma, binti wa Sayyidna Abubakar (r.a.), alijiwa na mama yake naye bado ni mshirikina, akamwuliza Mtume (s.a.w.) kama amwunge, naye akamwambia amwunge. Abdullah bin Amr (r.a.) alichinjiwa mbuzi nyumbani kwake, akawa akiuliza tena na tena kama jirani yake Myahudi amekwisha kupelekewa. Na Suratul Mumtahina imebainisha kwamba hatukukatazwa wema na uadilifu kwa wale wasiotupiga vita katika dini wala kututoa katika majumba yetu. Mama wa Sagalla hakumtoa mtu katika nyumba yake. Yeye ndiye aliyeingiliwa.

Na lau ingekuwa dalili moja tu yatosha, tungeichagua ile ya Sayyidna Umar (r.a.) aliyoinukuu Abu Yusuf katika kitabu chake cha kharaji. Alimpita mzee kipofu, Myahudi, akiomba mlangoni. Akamwuliza kilichomfikisha pale, akamjibu ni jizya, na haja, na uzee. Akamshika mkono akampeleka nyumbani kwake akampa alichokuwa nacho, kisha akamwita mwenye kuitunza baitulmali akamwamrisha amwangalie mzee huyo na wenziwe, kwa kuwa si insafu kuula ujana wa mtu kisha kumtupa uzeeni. Jizya akamwondolea.

Twaomba kila mwenye akili azungushe macho yake Voi na Mwatate na Taveta. Wako wazee wangapi waliokata mkonge tangu ujana, mikono yao imechorwa na miiba, mgongo umekunjika, na leo wamekaa chini ya mwembe wakitazama njia? Ujana wao uliliwa. Na mliwaji si mmoja. Sisi sote tuliouza na kununua katika miji iliyosimama juu ya mkonge tulikula fungu letu. Serikali imeweka mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee aliyetimiza miaka 70, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeandika kwamba chakula, maji safi, matibabu na hifadhi ya jamii ni haki za kila mtu. Twaona baadhi ya watu, na katika hao wamo wanasiasa, wakizizungumza shilingi hizi elfu mbili kana kwamba zimetoka katika mfuko wa suruali ya mtu. Ni kodi. Ni jasho lililorudi kwa mwenyewe, tena limepungua na mara nyingi limechelewa. Mzee wa mkonge asifundishwe kupiga makofi kwa hilo.

Wala sisi tusijisahau. Tumeanzisha tabia ya kugawa futari kwa picha. Mfuko wa unga umeandikwa jina la mfadhili kwa herufi kubwa, mama maskini husimamishwa ubavuni mwake akiwa ameushika, na picha hupelekwa ng'ambo ili fedha za mwakani zije. Mahrum aliyeficha dhiki yake miaka yote kwa haya, twamfichua kwa kilo mbili. Mwenye kuona tumezidisha katika hili na aulize kwa nini wengine hawaji kuchukua.

Tuirudie khabari ya yule mama. Katika kikao cha tatu tulikubaliana, kwa uchache wa tafauti, kwamba apelekewe kutoka katika sanduku la sadaka, si la zaka. Masanduku ni mawili na hayachanganywi. Tukaenda watu watatu, bila ya picha, tumebeba unga, maharage, mafuta na sukari. Alitukaribisha, akatutolea viti, akatupa maji katika siku ambayo tulijua maji yake yote yamemwagwa na ndovu. Kisha akasema maneno ambayo hatukuwa tumeyatayarishia jawabu:

"Shehe wangu, nashukuru, Mungu awabariki. Lakini unga huu utakwisha, na ndovu watarudi. Mimi sikukosa chakula. Chakula nilikuwa nacho. Nilikosa wa kukesha nami. Mimi mmoja, na debe langu la kupiga, siwezi kukesha usiku thelathini."

Tulirudi kimya. Sisi tulikuwa tumebishana juu ya chakula, na kumbe aliyekuwa na msiba hakuhisabu chakula kuwa ndio msiba wake. Twakiri kwamba katika vikao vyote vitatu hakuna aliyefikiri kumwuliza yeye.

Na jambo hili nalo lilikuwa limekwisha kuandikwa, lau tungelifungua kitabu. Imam Nawawi ameeleza katika namna ya kumpa fakiri kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia vyombo vya ufundi wake, na mfanyabiashara rasilimali, na kwamba mpewa hupewa kitakachomtosha umri ulio wa kawaida wa watu, asibaki kurudi kila msimu na bakuli. Wazee wetu wa fiqhi hawakuipima zaka kwa vibaba. Waliipima kwa kumtoa mtu katika kuhitaji. Vibaba tumeviingiza sisi, kwa sababu vibaba ni rahisi kugawa kabla ya swala ya Idi.

Pale Sagalla pana dawa ya ndovu ambayo watu wameijaribu kwa miaka mingi sasa, nayo ni nyuki. Hutundikwa mizinga kuzunguka shamba, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hugeuka. Uchunguzi wa miaka 9 uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba katika misimu ya mavuno ndovu wengi mno waliokaribia mashamba hayo walirudi nyuma. Ijapokuwa wachunguzi wamesema pia kwamba ukame huwapunguza nyuki, na sisi tuliouona ukame wa tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 hatuhitaji kuambiwa. Si ngao kamili. Lakini ni bora kuliko debe, na ina asali.

Jirani wa yule mama, kwa mpaka mmoja, ni mzee Muislamu, fakiri, mwenye khasara ile ile kwa ndovu wale wale. Huyu kwa zaka hana shaka. Tukaamua anunuliwe mizinga 12 kwa mali ya zaka, kuwa ni chombo cha kazi yake, na mama anunuliwe 12 kwa mali ya sadaka. Hapo mmoja katika wazee wetu wa darasa, mtu tunayemhishimu kwa ilimu yake, akatuletea mushkili: nyuki waliotundikwa kwa zaka katika mpaka watalinda mashamba mawili, na manufaa ya zaka yatamfikia asiyestahiki. Mushkili huu si wa kuchekwa, nasi tuliufikiri siku mbili. Tukamjibu kwamba mizinga ni milki ya fakiri, na umilikishaji umetimia. Linalomfikia jirani baada ya hapo ni kama kivuli cha ukuta. Fakiri akijengewa ukuta kwa zaka, kivuli chake cha jioni huwaangukia wapita njia, na hatukumpata mwanachuoni aliyesema kivuli hicho kikatwe. Mzee akanyamaza, kisha akasema atauliza Mombasa. Na aulize, jawabu likija tutaliandika hapa, liwe nasi au juu yetu.

Fedha za sadaka zimetosha mizinga 7 kati ya ile 12 ya mama. Za zaka, kwa sababu tuliyokwisha kuitaja katika daftari, zimetosha mizinga 4 ya mzee. Wenye maduka na malori wanaosoma waraka huu wanajua hesabu hizo zaweza kukamilika kabla ya wiki hii kwisha, na mtunza mfuko hukaa msikitini kila siku baada ya alasiri.

Nguzo zimekatwa na waya umenunuliwa. Kazi itafanywa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya mvua za vuli. Jumapili hatukuichagua kwa kuwa mwenye shamba atakuwa kanisani. Anayetaka kwenda na awe kituo cha magari cha Voi mara baada ya swala ya alfajiri, achukue panga na maji yake ya kunywa, kwani tangi la mama bado halijatengenezwa.